Leseni Iliyokwama Kwenye Jina

Naisenya,
S.L.P. 418,
Kitengela.

Jumanne, 11 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Nailantei,

Kwanza nainamisha kichwa hapa Kitengela, nawe ukiguse kutoka huko Lodwar, usije ukasema nimesoma mpaka nimesahau kusalimia wakubwa. Hujambo wewe? Mzee Ekiru hajambo? Ule mguu uliomsumbua Krismasi umepona, au bado anaupaka mafuta ya gari na kukataa hospitali? Akai naye ameingia kidato cha pili salama? Mwambie hesabu asiiache, hata kama mwalimu wake anamkasirisha.

Sisi hapa ni wazima. Kifua cha Baba kimetulia tangu aache kulala dirisha likiwa wazi. Mama yuko na kuku wake thelathini na anawajua kila mmoja kwa tabia. Mvua bado hatujaiona. Vumbi la malori ya simiti linaingia mpaka kwenye chai, tunakunywa hivyo hivyo. Nick ndugu yangu amepata kazi ya kulinda geti huko Isinya na sasa anatembea kama mkuu wa polisi.

Najua ukiona bahasha hii ya kaki utajua ni habari gani, na huenda ukataka kuiweka chini ya godoro mpaka mwezi uishe. Tafadhali usifanye hivyo. Nimekupigia simu mara tatu. Mara ya kwanza ulisema mtandao ni mbaya. Mara ya pili ulisema uko kwenye mkutano wa walimu, na ilikuwa Jumapili, Shangazi. Mara ya tatu Mzee Ekiru ndiye aliyeshika simu, akaniambia umetoka, na mimi nakusikia ukikohoa. Sikukasirika sana. Nimeona tu nikuandikie, kwa sababu barua utaisoma ukiwa peke yako na hutahitaji kunijibu hapo hapo.

Acha nianze mwanzo, maana najua Mama amekupa nusu nusu.

Matokeo ya mtihani wa mwisho wa uuguzi yalitoka Agosti. Nilipita. Baba alichinja mbuzi na akaanza kuniita daktari mbele ya watu, nami nikamweleza mara kumi kwamba nina cheti cha uuguzi, si udaktari. Septemba nikaenda kwa Yonis kuomba leseni. Yonis ni yule kijana ambaye familia yake ilitoka Wajir, ana saiba, duka la kompyuta na intaneti, nyuma ya stendi ya magari ya Namanga, na ndiye anayejazia nusu ya Kitengela fomu za serikali. Fomu ikasema uweke cheti cha kuzaliwa. Mama akakitoa kwenye mkebe wake, kikiwa pamoja na kadi yangu ya chanjo, Yonis akakipiga picha, tukatuma. Akaniambia wiki sita.

Shiro, niliyekaa naye dawati moja chuoni, alipata yake wiki ya tano. Kufikia Novemba alikuwa amevaa sare nyeupe katika hospitali moja Machakos na kututumia picha kila asubuhi. Yangu ilikuwa imeandikwa "Inakaguliwa." Oktoba, inakaguliwa. Krismasi, mkiwa hapa mnakula pilau, inakaguliwa. Nimelichukia hilo neno mpaka nikilisikia kwenye redio nazima. Ilifika mahali Yonis akiniona mlangoni anasimama kabla sijasema kitu.

"Sister, kunywa chai kwanza ndio nifungue," ananiambia. Halafu anafungua, tunaangalia wote wawili, ananiongezea sukari.

Hakuna aliyeniambia ni nini kinakaguliwa. Simu yao inalia mpaka inakata. Nikaenda ofisi ya leseni Nairobi mara tatu. Mara ya kwanza dirisha moja lilinituma kwa lingine, na hilo lingine likanirudisha kwa lile la kwanza, ambalo sasa lilikuwa limefungwa kwa sababu ya chakula cha mchana. Mara ya pili mwenye faili yangu alikuwa likizo. Faili za watu zinaenda likizo pamoja na wenye kuzishika, hilo sikulijua. Mara ya tatu, mwishoni mwa Januari, nilimpata mama mmoja aliyekuwa na huruma kidogo. Aligeuza kioo cha kompyuta nione na akaweka kucha juu ya cheti changu cha kuzaliwa.

"Na huyu ndio nani?"

Shangazi, jaribu wewe kumweleza mtu wa dirishani jambo hilo, na nyuma yako kuna watu thelathini wanaokuhemea shingoni. Nilimwambia huyo ni mimi. Nikamwambia nilipozaliwa nilipewa jina la shangazi yangu, dada mdogo wa baba yangu, kwa sababu ndiye aliyemshika mama mkono siku ile. Kwamba nilipokuwa na miaka sita huyo shangazi alifariki, na kwamba katika ukoo wetu jina la aliyekufa halitajwi tena nyumbani, na aliye nalo anapewa lingine. Nikamwambia nina shangazi mwingine, mwalimu, aliyeninyoa nywele asubuhi moja huko Bisil na kunipaka mafuta, na kufikia saa sita mchana nilikuwa Naisenya. Shule ikaniandika Naisenya, kitambulisho kikaandikwa Naisenya, chuo pia. Cheti cha kuzaliwa peke yake ndicho hakuna aliyekumbuka kukinyoa.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Pole, madam. Lakini hiyo ni culture. Mimi nataka affidavit."

Na si moja. Anataka viapo viwili, kimoja cha mzazi na kimoja cha ndugu aliyekuwepo siku jina lilipobadilishwa. Kila mmoja aandike jina la zamani na jina la sasa, aape mbele ya wakili kwamba ni mtu mmoja. Miezi mitano nimekaa nikingoja watu wakague, kumbe walikuwa wanangoja karatasi ambayo hawajaniomba!

Sasa nikwambie kwa nini nina haraka, usidhani ni hasira tu. Tangu Septemba nimepeleka barua za kazi Isinya, Kajiado mjini, mpaka Loitokitok, na kila mahali wanauliza leseni kabla hawajauliza jina. Kuna mwenye zahanati mmoja aliyeniambia leseni si kitu, nivae sare nianze kesho, ila nikiona watu wa ukaguzi nitoke kwa mlango wa nyuma. Nilimwambia sikusomea kukimbia. Halafu yuko Sister Valerie, msimamizi wa kliniki moja ya uzazi hapa Kitengela, niliyefanya mazoezi chini yake. Sister Valerie hasifu mtu. Lakini mwezi wa kwanza aliniita akasema ana nafasi moja kwenye chumba cha kujifungulia, na anaitaka mikono yangu. Ameniwekea hiyo nafasi mpaka tarehe thelathini na moja mwezi huu. Tarehe moja Aprili atampa mtu mwingine, na mezani kwake kuna barua arobaini za watu wenye leseni. Simlaumu. Akina mama hawawezi kungoja kujifungua mpaka faili yangu irudi kutoka likizo.

Wewe unajua kwa nini nataka chumba hicho na si kingine. Dada yenu alifia kando ya barabara ya Namanga pamoja na mtoto wake tumboni, akingoja gari lililokuwa limeitwa tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nimekalia jerikani karibu naye. Hayo ndiyo niliyoyabeba nilipoenda chuo.

Kwa sasa nafanya kazi kwa Gathoni, mwenye duka la dawa za mifugo. Nadunga mbuzi. Nimesoma miaka miwili na nusu, nimeshika vichwa vya watoto ishirini na sita wakitoka, na sasa nadunga mbuzi, kwa sababu mbuzi haulizi leseni. Majirani wanakuja mlangoni na watoto wenye homa, na mimi natakiwa niwaambie waende hospitali, kwa kuwa nikimpa mtu dawa bila leseni hilo ni kosa na kazi yote itakuwa imekwisha kabla haijaanza. Wiki iliyopita mama mmoja aliniambia nimekuwa na madharau tangu nisome. Nililia nyuma ya choo, siku hiyo.

Basi, viapo. Nilirudi kutoka Nairobi nikamweleza Baba. Alisikiliza, akachukua fimbo yake, akatoka. Kesho yake nikamweleza tena. Akasema, "Kwani hiyo ofisi haina watu waliofiwa?" Nikasema wapo, lakini wanataka karatasi. Akasema jina hilo hatalitoa mdomoni mwake kwa sababu ya karatasi. Mama akajaribu, akanyamaziwa siku mbili. Mchungaji akajaribu, akaambiwa aendelee na mahubiri yake. Wiki tatu zilienda hivyo, na mimi kila jioni nafuta siku moja kwenye kalenda ya Gathoni. Nitasema ukweli, Shangazi, nilimkasirikia baba yangu kuliko nilivyoikasirikia ofisi. Ofisi hainijui.

Kilichombadilisha si maneno ya mtu. Siku ya soko la mifugo Bisil, Gathoni alinipeleka na sanduku la dawa, na Baba akawa amekuja na kondoo wawili wa kuuza. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mavi, nimemshika beberu pembe, sindano iko mdomoni, wakati mzee mmoja rika la Baba alisimama akanitazama. Akamwuliza Baba kwa sauti ya watu wote kusikia, "Sankale, huyu si yule msichana wako daktari?"

Baba alishika kamba za kondoo wake. Hakuwauza, aliwarudisha nyumbani. Asubuhi yake nilimkuta amevaa koti la kanisani na kofia yake, amekaa kwenye kiti nje. Akasema, "Leta hiyo karatasi yako. Twende Kajiado."

Wakili wa Kajiado anaitwa Peterson, ni kijana, tai yake ni ndefu kupita tumbo, lakini ana adabu. Nilidhani atanakili tu jina kutoka kwenye cheti na Baba atie sahihi, tumalize. Akakataa. Alisema kiapo ni cha mzee, na maneno ya kiapo lazima yatoke kwa mzee mwenyewe, karani apige chapa anachosikia. Baba akavua kofia akaiweka gotini. Akakaa. Karani akakaa. Mimi nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu. Baba akainuka akatoka nje, nikajua basi, imekwisha, amekwenda kutafuta gari. Nilipochungulia nikamwona amesimama kando ya ukuta, anaongea kidogo kidogo akiangalia chini, halafu akatema mate mepesi ya baraka kama anavyofanya akiaga watoto. Akarudi, akakaa, akalisema.

Alilisema polepole sana. Na karani, Mungu amsamehe mimi siwezi, akasema, "Mzee sijaskia, rudia."

Akarudia. Karani akapiga chapa. Stima ikapotea. Kompyuta ikafa na kila kitu kikapotea pamoja nayo, na huyo karani akacheka, akasema Kajiado ndio hivyo. Shangazi, kulikuwa na stepla mezani na niliiangalia sana. Stima ilirudi baada ya nusu saa. Karani akafungua upya na kuuliza tena jina la zamani la mtoto, na safari hii Baba hakunong'ona. Alilisema kwa nguvu, kama mtu anayemwita mwingine aliye ng'ambo ya boma.

Na mimi nikaitika.

Sikupanga. Lilinitoka tu, "Abee, Baba," kama mtoto. Miaka kumi na minane nimezoezwa nisigeuke nikilisikia, hata likiwa la mtu mwingine sokoni, na bado lilinipata mahali pake. Baba aligeuka akanitazama. Macho yake yalikuwa na maji. Kisha akachukua kalamu akatia sahihi, akamshukuru wakili, tukatoka.

Tulikunywa soda kwenye kibanda karibu na mahakama, na hapo ndipo alipoanza. Aliniambia dada yenu alikuwa na kelele. Kwamba alikuwa anaiba maziwa kwenye kibuyu halafu anampaka ndama mdomoni ili ndama achapwe, na kwamba wewe ulijua na hukusema. Kwamba aliogopa kuku. Mtu mzima, akiogopa kuku! Alimwita kwa jina lake kila mara, hapo kwenye kibanda, mpaka mwenye soda akauliza ni nani huyo anayesifiwa hivyo. Mimi nilikuwa sijawahi kusikia hata moja ya habari hizo. Nilikuwa namjua kama mtu aliyelala kando ya barabara tu.

Kiapo cha Baba nimekipeleka Nairobi na wamekipokea. Kimebaki cha pili. Na ndugu aliyekuwepo siku ile, aliyeshika wembe, ni wewe. Bibi ameshatutangulia, Mama alikuwa kwao, watu wengine walikuwa watoto. Hakuna mwingine ninayeweza kumwomba.

Fomu iko ndani ya bahasha hii. Nimejaza kila kitu ninachoruhusiwa kujaza, jina lako, shule yako, tarehe. Umebaki mstari mmoja. Nimeuliza, hapo Lodwar kuna wakili karibu na posta anayeapisha watu kila siku ya kazi, na ukifika kabla ya saa nne hakuna foleni. Kuna bahasha nyingine ndani yenye anwani yangu. Mpe mtu wa basi kabla ya Ijumaa tarehe ishirini na moja, niipeleke Nairobi Jumatatu, ili nisimame mbele ya Sister Valerie kabla mwezi haujakatika. Ikichelewa, nitakuelewa, na Gathoni hatanifukuza. Lakini sitakudanganya kwamba haitaniuma.

Nisalimie sana Mzee Ekiru, na mwambie siku nyingine akidanganya kwamba umetoka, akufunge mdomo kwanza. Msalimie Akai na wadogo zake wote. Mama anakusalimu na amekuwekea jogoo mmoja ambaye amekataa kumwuza. Baba anakusalimu. Alisimama nyuma yangu nikiandika ule ukurasa wa soda, akasema niongeze kwamba siku ya ndama yeye mwenyewe ndiye aliyechapwa, si ndama. Mungu wetu Enkai akutunze, awape mvua na awape watoto wenu usingizi mwema.

Ni jambo moja tu limebaki, halafu nifunge bahasha. Katika barua hii yote sijaliandika lile jina la zamani, umeona, kwa sababu yako. Najua ulimpenda, na najua kunyamaza kwako ndiyo njia uliyopewa ya kumpenda, wala sina ubishi na hiyo. Lakini hebu usome ule mstari vizuri, wewe ni mwalimu. Umeandikwa, "Jina la awali la mtoto." Marehemu hajatajwa popote kwenye fomu. Miaka sita jina hilo lilikuwa langu. Niliitwa nalo kula, nililia nalo, na wewe mwenyewe uliniita nalo ukinifunga lesi za viatu. Ile asubuhi ya Bisil mlimlilia yeye, na mlikuwa na haki, ila hakuna aliyeniuliza mimi nimepoteza nini. Dada yako mwache apumzike. Andika jina la yule mtoto uliyemnyoa. Yeye hakufa, Shangazi, na mkono wako ndio anaoungoja.

Mimi binti yako, nikupendaye hata siku za hasira,

Naisenya